Video Isiyokatwa

Ilemela, Mwanza
Jumapili, baada ya misa ya pili

Dada Teodora,

Shikamoo dada yangu. Naomba Mungu barua hii ikukute unaweza kusimama, maana siku ulipoondoka hapa miguu ilikuwa imevimba hadi viatu tukavitia kwenye mfuko. Dawa za presha unameza, au bado unagawana na jirani? Pamba mmeshaitoa shambani? Nimesikia huko Misungwi jua limezidi na ng'ombe wanapelekwa mbali kutafuta maji. Sisi huku tunaamka na kulala. Shemeji yako Machibya amerudi gereji, ila mwenzake ananiambia akifungua injini ya mtumbwi hairudishi. Anaiacha wazi mezani hadi mwenyewe aje kuuliza. Mimi nakula. Si sana, lakini nakula.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi kama enzi za baba wakati simu unayo. Sababu ninayo na utaiona mbele. Nampa Rebeka, yule wa vitenge anayekuja kwenye mnada wenu, nimeshamwambia asimkabidhi mtu mwingine yeyote ila wewe, mkononi. Naomba uisome ukiwa peke yako, na uimalize kabla hujamwita mtu.

Nianze na lile ulilonituma. Siku ya kuanua matanga ulinishika mkono ukaniambia kwamba mimi ndiye mwenye studio ya picha, basi nitafute mahali pa kuziweka picha na video za mazishi ya mwanangu Ngosha ili ndugu wote wazione, wa Usagara, wa Geita, na wale wa Dar ambao hawakuwahi. Ukasema zisije zikapotea kama za baba zilizoliwa na mchwa. Nimeifanya hiyo kazi, dada. Nimeifanya kuliko nilivyowahi kumfanyia bwana harusi yeyote, kwa sababu nisipokuwa na kitu mikononi naanza kusikia mlango ukifunguliwa.

Nilianza na kundi letu la ukoo kwenye simu, kwa kuwa wote tumo. Lakini picha zikipita huko zinaminywa. Uso wa mtoto kwenye jeneza ukatoka kama umemwagiwa maji, na ukitaka kuukuza kwa vidole unabaki na vidoti tu. Kabla ya jioni picha zenyewe zilikuwa zimezama chini ya amina, maua, na mtu mmoja aliyekuwa anatangaza viwanja.

Nikaja kwenye ile hifadhi inayokuja na simu yenyewe, ile inayobeba kila unachopiga na kukipeleka mtandaoni bila wewe kuiambia, mradi intaneti ipo. Pale studio tunaitumia siku zote. Inamfaa mtu mvivu. Ila nafasi ya bure ikijaa inagoma kupokea, na kumfungulia mtu asiye na akaunti kama wewe ni mzunguko mrefu. Nikaijaribu na ile ya video, ambayo dunia nzima inaangalia. Hiyo haichoki, niliipa misa yote na makaburini ikapokea. Unaweza kuificha isionekane kwa wanaotafuta, lakini uliyempa linki akimpa mwenzake, naye anaingia. Nilipoifungua nione itakavyowafikia, jeneza halijatoka hata mlangoni likaingia tangazo la kubeti, kijana anarusha noti juu na kucheka. Nikaifuta hapo hapo.

Mwisho nimechagua ile ya wapiga picha wenyewe. Inatunza kila kitu kwa ukubwa wake, haiminyi, na inafungwa kwa neno la siri. Ubaya wake ni kwamba inalipiwa, na ukiacha kulipa wanakufungia, kwa hiyo nimeweka nakala nyingine kwenye diski ndani ya kabati la Machibya. Neno la siri ni jina la baba, herufi ndogo zote. Hapo nimemaliza uliyonituma, na kama barua ingeishia hapa ningeshukuru.

Unajua kwamba kuna video nyingine. Hatukuitaja mbele yako ukiwa hapa, lakini najua watu walikuonyesha, maana nilikuona ukimrudishia yule mama simu yake kama kitu kinachounguza. Naomba niyaseme tena yalivyokuwa, kwa sababu ulipofika msibani kila mtu alikuwa na lake.

Jumamosi ile tulikuwa na harusi. Mimi nilikuwa ukumbini na kamera kubwa. Pius wako nilimpa simu ya studio akapige vipande vifupi nyumbani kwa bibi harusi, kule chini karibu na mwalo na soko la samaki. Ngosha nilimtuma studio akalete betri na kamera ndogo. Alipokuwa anarudi alisikia matarumbeta, akajua msafara umeshatoka, akaanza kukimbia akikatiza sokoni, begi jeusi amelikumbatia kifuani ili lisigongegonge. Dakika hizo hizo kuna mama alikuwa ameporwa mkoba. Mtu mmoja akapiga kelele ya mwizi. Kijana anakimbia, ana begi, basi ikatosha. Redioni walisema wananchi wenye hasira kali. Mkoba wa yule mama ulikuja kuonekana kesho yake kwenye mtaro, na begi la kamera halifanani nao hata kwa rangi.

Video ilitoka jioni ile ile. Iliyosambaa haina sauti ya pale. Kuna mtu aliitoa akaweka wimbo wa singeli juu yake. Imebanwa, imekatwa pembeni, watu wanaonekana kama mablanketi yanayotembea. Lakini mimi mwanangu namjua hata akiwa vidoti.

Tangu hapo nimekuwa naomba iondolewe kila mahali ninapoikuta, na hapo ndipo nilipojua tofauti ya kweli ya hizi huduma, siyo ile ninayowaeleza wateja. Kuna iliyoiondoa siku hiyo hiyo bila maswali. Kuna iliyonijibu kwa Kiingereza kwamba wametazama na hawaoni kosa. Nyingine ilitaka niandike ni sekunde ya ngapi ukatili unaanza, na nina uhusiano gani na mtu anayeonekana. Nikaandika, mama. Nyingine haina hata mlango wa kubisha. Na ikitolewa huku inachipuka kule, wameigeuza kushoto iwe kulia ili mashine isiitambue, hivyo kwenye baadhi ya nakala Ngosha anajikinga kwa mkono ambao siyo wa kwake.

Ajabu ni kwamba muda huo huo nilikuwa naitafuta. Mpelelezi aliyepewa kesi, Afande Yakobo, aliiangalia ile iliyosambaa mbele yangu akatikisa kichwa. Aliniambia, "Mama, hapa mimi naona mashati. Mahakamani siwezi kupeleka mashati. Nitafutie aliyepiga, au nipatie yenyewe kabla haijachezewa." Nikawa mtu wa pande mbili. Asubuhi naomba ifutwe, mchana nawapigia wapiga picha wote wa Kirumba na Pasiansi kuwauliza nani anayo safi.

Machibya hakutaka hata kusikia. Alisema nizime kila kitu, mtoto apumzike.

Jumatatu iliyopita nilikuwa nahamisha vitu vya studio kutoka ile hifadhi ya simu kwenda kwenye hii mpya. Nikakumbuka picha moja ya Ngosha akiwa na kofia ya mpishi kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, ambayo niliifuta kwa bahati mbaya. Hifadhi ile ina kapu lake la taka. Ukifuta kitu hakiondoki mara moja, kinalala humo wiki kadhaa kabla ya kuteketezwa. Nikaingia kuitafuta. Kofia sikuiona. Niliona picha ndogo ya ukuta wa kijani, ule wa mashine ya barafu pale sokoni, na chini yake tarehe ya siku ile. Imetoka kwenye simu ya studio.

Dada, aliyepiga video ile ni Pius.

Sikuandika hivyo ili nikuumize, nimeandika kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuiandika. Ndiyo maana sikutuma ujumbe. Simu yako ni yeye anayekufungulia na kukusomea, na tangu aliporudi kwako akisema ana malaria hajapokea simu yangu hata moja. Nilidhani ni uchungu. Ni uchungu kweli, lakini siyo ule niliofikiri.

Nakueleza nilichokiona, kwa sababu watu watakueleza vingine. Iko nzima, haijakatwa, na sauti yake ipo. Inaanza Pius akiwa mbali, anasogea pamoja na watu, anacheka kidogo kama vijana wanavyocheka wakienda kuona mtu kakamatwa. Hajui ni nani. Hilo nakuapia, hajui. Anapita watu, anainua simu juu, na picha inatulia. Hiyo ndiyo iliyonifanya nijue ni yeye hata kabla ya sauti, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kubana viwiko mbavuni na kutoa pumzi taratibu. Kisha watu wanapanguka kidogo, na Ngosha anaonekana amekaa chini, shati limepasuka. Pius anasema kwa sauti ndogo, "Ngosha?" Halafu, "Mungu wangu, ni Ngosha." Amesema kwa sauti ya mtu anayeongea peke yake. Hakupaza. Na simu haikushuka.

Ngosha hakumwona. Alikuwa anaongea na wale watu. Chini ya ule wimbo waliouweka, dada, mtoto alikuwa anaongea muda wote. Anawaambia yeye siyo mwizi, ni mtoto wa Mama Ngosha wa studio, wampigie mama yake simu. Na akawatajia namba yangu. Akaitaja yote, tarakimu moja moja, kama nilivyomfundisha akiwa darasa la kwanza, aitaje akipotea. Hakuna aliyepiga. Akarudia tena tangu sifuri. Safari ya pili hakuifikisha mwisho.

Mimi nilikuwa ukumbini, simu nimeifunga kiunoni, ina chaji. Na Pius alikuwa na simu mkononi, na namba yangu imo.

Sisemi kwamba angepiga ningewahi. Kutoka ukumbini hadi pale ni mbali, na watu walikuwa wengi. Sisemi kwamba angepaza sauti wangemsikiliza, labda wangemgeukia na yeye, na leo tungekuwa na makaburi mawili. Nimeyafikiria hayo yote kwa niaba yake. Nimefikiria pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nawaambia vijana wangu kazini, bibi harusi akianguka usishushe kamera, endelea, utalia baadaye. Labda mkono wake ulibaki juu kwa sababu yangu. Labda alikuwa ameganda tu. Sijui. Lakini kwenye kapu lile lile ilikuwepo na ya pili, fupi, imekatwa mwanzo, inaanza pale pale baada ya yeye kutaja jina la Ngosha. Hiyo ndiyo iliyosambaa. Kwa hiyo kuna saa alikaa chini, akili imeshamrudia, akajitoa mwenyewe ndani ya video na kumwacha mwenzake humo. Alimtumia nani kwanza na kwa nini, hilo atalisema yeye.

Unakumbuka aliniomba yeye ndiye apige mazishi? Nilimkatalia, nikasema abebe jeneza na wenzake, akaning'ang'ania, "Mama mdogo, niache nimfanyie hii." Nimeziangalia hizo nazo upya. Kutoka nyumbani hadi tunatupia udongo, picha inatikisika mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimejiambia ni upepo wa ziwa.

Machibya nilimweleza Jumanne. Sikumwonyesha, nilimsimulia. Aliniuliza kama mtoto alitaja na namba yake yeye. Nikamwambia hakupata nafasi. Akaniuliza tena, je, unafikiri alikuwa ameishika kichwani? Nikasema aliishika. Alitoka akaenda kukaa kwenye jiwe nyuma ya choo, kule unakoliona ziwa lote, na chakula chake kikalala.

Sasa lile ambalo nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Ijumaa nilimpelekea Afande Yakobo ile nzima. Sikukuuliza kwanza, na ningekuuliza ungelia, na mimi nisingeweza. Sura zinaonekana, dada. Zinaonekana hadi vifungo. Wawili aliwatambua pale pale na wamekamatwa jana. Wa tatu nilimtambua mimi mwenyewe. Alikuja matangani. Alikaa na wanaume pale uani, akala, akaandikisha rambirambi, na wakati wa kuondoka alinipa pole kwa mikono miwili.

Afande anasema video peke yake haitoshi. Anamtaka aliyeipiga aje aseme kwamba ni yeye aliyeipiga, ni siku gani, na aliona nini pale ambapo simu haikuona. Anataka kumtuma askari Misungwi amfuate. Nilimwomba asifanye hivyo. Nilimwambia yule ni mtoto wa dada yangu, ana mama, mama yake atamleta. Alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa, lakini akakubali kusubiri hadi Jumatano. Baada ya hapo watakuja wao, na gari, na majirani wako watakuwa wamesimama barabarani.

Mlete wewe, dada. Panda naye gari la asubuhi, shukeni Usagara, nitakuja pale njia panda kuwachukua na tutakwenda wote. Nitakaa nanyi kwenye benchi hadi watakapomaliza kumhoji. Akitaka kukimbia asikimbilie Geita kwa mjomba, kwa sababu Afande ameniuliza ana ndugu wapi na nimemwambia kote. Najua hilo litakuchoma. Lakini ukikaa ukasikia mtoto anataja namba ile kwa watu ambao hawapigi, nawe ungesema kote.

Utataka kuniuliza kama nimemsamehe. Usiniulize sasa hivi. Kuna siku namkumbuka alivyofika hapa na begi lake la nailoni, anaogopa hata kushika lenzi, na Ngosha akampa kitanda chake yeye akalala chini mwezi mzima bila kuambiwa. Nikikumbuka hayo namwonea huruma. Halafu nakumbuka sauti yake ndogo ile, na huruma inakauka. Naomba usinichoke nikiwa hivi. Wewe ni mkubwa wangu, sina mwingine wa kumlilia, na imetokea kwamba ninayekulilia ndiye ninayekuletea msiba nyumbani.

Nifikishie salamu kwa shemeji, mwambie mbuzi majike aliotupatia wamezaa, mmoja mapacha. Wasalimie watoto wote, na Mama Mayala wa jirani, mwambie maharage yalifika na tunayala. Bibi mpe shikamoo yangu, umwambie nitakuja, lakini usimsomee haya. Machibya anakusalimu, yuko hapa mlangoni, amenisubiri nimalize ili aipeleke kwa Rebeka kabla hajafunga duka.

Kwa Pius nimekaa na kalamu na sijapata salamu ya kuandika. Mwache ale kwanza, ndipo umwambie.

Ni mimi mdogo wako,
Paskazia